Sifuri ya Heri

Mtandao ukikatika Wasso, kule Loliondo wilayani Ngorongoro, meseji za jana za WhatsApp bado zinasomeka. Zimo ndani ya simu yenyewe, kwenye hifadhidata inayoendeshwa na SQLite, kazi ambayo Mmarekani D. Richard Hipp aliitoa mwaka 2000. Kila simu ya Android inayo, iwe ya muuguzi hospitalini au ya mfugaji aliye machungani.

Ufundi wake hauonekani kwenye kioo. Umo katika namna vipande vya msimbo, yaani fanksheni, vinavyojibizana. Fanksheni ni kama mtoto aliyetumwa dukani: lazima arudi na jibu. Kwa SQLite jibu hilo ni namba, na 0 maana yake mambo safi. Aliyewahi kupewa sifuri shuleni atashangaa, lakini kufaulu kwa kawaida kuna sura moja, kushindwa kuna sura chungu nzima. 5 ni kwamba hifadhidata imeshikwa na mwingine, subiri. 11, data imeharibika. 13, nafasi imejaa, balaa la kila simu ya bei nafuu iliyosheheni video.

Hata heri ina sura zaidi ya moja pale inapobidi. Fanksheni inayosoma meseji moja baada ya nyingine hurudisha 100 kila ikipata mstari, kisha 101 mistari ikiisha.

Utamu wenyewe uko kwenye 10, hitilafu ya kusoma au kuandika diski. Ilipoonekana haitoshi, mafundi waliipasua: 266, kusoma kumeshindikana, 778, kuandika kumeshindikana. Zigawe kwa 256 na zote mbili zinabakiza 10! Anayetaka undani anaupata kwa kuomba. Programu ya zamani isiyoomba inaendelea kupewa 10 yake iliyoizoea. Huo ni uungwana wa hali ya juu.

MySQL, programu nyingine ya hifadhidata, ina desturi inayowachanganya wageni: fanksheni zake nyingi hurudisha “kweli” pakiwa na kosa, na “si kweli” kukiwa salama. Asiyesoma maelezo yaliyo juu ya fanksheni ataandika sharti lake kinyumenyume.

PostgreSQL, inayobeba takwimu za afya za Tanzania chini ya mfumo wa DHIS2, ilichagua njia nyingine kabisa. Fanksheni ikikutana na kosa kubwa hairudi kwa aliyeituma. Inaruka hadi nje, muamala mzima unafutwa, na programu iliyoomba kazi inapelekewa ujumbe wa kosa pamoja na alama zake tano za utambulisho.