Kitabu cha Kale Juu ya Maji ya Ubatizo

Katika vitabu vilivyotungwa juu ya ubatizo peke yake, kile cha kale kuliko vyote tulivyo navyo kilitungwa katika bara letu hili la Afrika. Mtungaji wake ni Tertullian, mtu wa Carthage, mji uliokuwa pwani ya kaskazini, karibu na Tunis ya siku hizi. Alikitunga kwa Kilatini yapata mwaka 200, Warumi walipokuwa wakiitawala nchi ile. Na jina hili Afrika, ambalo sote twaitwa kwalo leo, zamani zile lilikuwa jina la jimbo lile tu. Kitabu chenyewe ni kidogo, milango 20 mifupi. Msomaji hodari aweza kukimaliza kabla taa haijaisha mafuta. Walakini mambo yaliyomo si madogo, na mengine yao twayasikia yakibishaniwa hata leo barazani, na njiani watu watokapo kanisani. Kwa hiyo tumeona yafaa kukipima mbele ya wasomaji wetu, tukisifu lipasalo kusifiwa na kukataa lipasalo kukataliwa.

Sababu ya kutungwa kwake ni hii. Mwanamke mmoja, mwalimu wa wazushi, alifundisha Carthage kwamba maji hayana kazi. Imani yatosha, na kumtia mtu majini ni jambo la bure. Wengi wakamfuata. Ndipo Tertullian aliposhika kalamu.

Mafundisho ya mwanamke yule si mageni kwetu. Wako watu katika vijiji vyetu wasemao vivyo hivyo, kwa upole zaidi: namwamini Mungu, nasali nyumbani mwangu, maji yataniongezea nini? Na wako wengine, nao ni wengi kuliko hao, waliopotea kwa upande wa pili. Hao maji wayataka sana, lakini wayataka kwa ajili ya jina jipya, na kanzu nyeupe, na karamu ya siku ile, na cheti cha kuweka sandukuni. Wakiisha kukipata cheti, hawaonekani tena mpaka siku ya ndoa au ya mazishi. Tertullian alipigana na kundi la kwanza tu, lakini mishale yake mingine imefika mpaka kwa hao wa pili.

Milango ya kwanza ndiyo iliyo bora. Huanza kwa mfano wa samaki. Katika Kiyunani, herufi za neno samaki, kila moja ikifanywa mwanzo wa neno, hutoa maneno haya: Yesu, Kristo, wa Mungu, Mwana, Mwokozi. Basi Tertullian asema Wakristo ni samaki wadogo wamfuatao Samaki huyo. Wamezaliwa majini, na usalama wao ni kukaa majini. Mwanamke yule alijua sana namna ya kuwaua, kwa maana atakaye kumwua samaki hana haja ya kisu, humtoa majini tu. Mtu wa pwani au wa ziwani hahitaji kufasiriwa mfano huu.

Kisha huja jambo ambalo twalipenda kuliko yote yaliyomo. Watu wa mataifa, asema, hujikwaa kwa sababu kazi ya ubatizo ni nyepesi machoni pao. Mtu hushuka majini bila fahari wala gharama, maneno machache hunenwa, naye hutoka hali hakuonekana safi zaidi kuliko alivyoingia. Nao huambiwa kwamba amepewa uzima wa milele! Lakini ndivyo zilivyo kazi za Mungu, ndogo kwa kutazamwa na kubwa kwa matunda. Ibada za sanamu ndizo zitakazo vyombo vingi na mali nyingi, ili wingi huo ufanye kazi ambayo sanamu haiwezi kuifanya.

Twaomba wasomaji wasimame kidogo hapa. Wako wazazi wakawishao ubatizo wa mtoto mwaka mzima, si kwa shaka ya imani, bali kwa kuwa hawajapata mbuzi wa karamu, wala kitambaa cha kumshonea mtoto, na waona haya mbele ya majirani. Wako na watu wazima waliomaliza mafundisho yote, wakarudi nyuma kwa sababu ya viatu. Nani aliyewaambia kwamba Mungu ataka viatu? Hatukuwaambia sisi walimu. Ila labda hatukuwaambia kinyume chake kwa sauti ya kutosha. Karamu ni njema, na furaha ya jirani ni haki. Lakini karamu ikiwa mlango, na maji yakiwa nyuma ya mlango, maskini atabaki nje, na kitu ambacho Mungu alikifanya kuwa rahisi kuliko vyote kitakuwa cha wenye mbuzi.

Katika mlango wa nne Tertullian aamua neno jingine litusumbualo. Haidhuru, asema, mtu akioshwa baharini au kidimbwini, mtoni au chemchemini, ziwani au katika birika. Wala hapana tofauti kati ya wale ambao Yohana aliwabatiza katika Yordani na wale ambao Petro aliwabatiza katika Tiber, mto wa Rumi. Kwa maana Roho aliyetulia juu ya uso wa maji mwanzo wa dunia hakuchagua mto mmoja. Kitabu kingine cha kale, kiitwacho Didache, ambacho hati yake ilionekana Constantinople mwaka 1873 ikapigwa chapa mwaka 1883, chafundisha karibu vivyo hivyo: chataka kwanza maji yatiririkayo, kama hayapo, maji mengine, kama ya baridi hayawezekani, basi ya moto, na kama ni haba yote, mtu amwagiwe kichwani mara tatu kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Wale wanaochekana leo, hawa wakisema wale walinyunyiziwa tu, na wale wakisema hawa walioga tu, wangesoma mlango ule mmoja wa Didache wangepunguza kelele. Ni kweli kwamba watu wa kale walipenda kuzamisha. Tertullian mwenyewe husema daima kama mtu aonaye watu wakitiwa majini. Lakini hawakumkataza Mungu kufika mahali penye kiangazi.

Baada ya haya kitabu hulegea. Tertullian alikuwa hodari wa maneno, na aliye hodari hivyo hupata shida ya kunyamaza. Akusanya kila maji yaliyotajwa katika Maandiko, aliyapange safu: maji ya mwanzo wa dunia, gharika ya Nuhu, Bahari ya Shamu, maji yaliyotoka mwambani, divai ya Kana, kikombe cha maji apewacho mwenye kiu, hata maji ambayo Pilato alinawia mikono. Gharika na Bahari ya Shamu twakubali, kwa sababu Petro na Paulo walizifasiri hivyo kabla yake. Lakini maji ya Pilato yana nini na ubatizo? Pilato alinawa akabaki na damu ile. Hoja dhaifu ikiwekwa karibu na hoja yenye nguvu haiisaidii, huiaibisha. Na sisi tuhubirio tujiangalie katika jambo hili.

Tena liko neno alilolipita upesi mno. Paulo, katika mlango wa sita wa waraka kwa Warumi, asema tulizikwa pamoja na Kristo kwa njia ya ubatizo. Tertullian aligusa mauti ya Bwana, hasa anapotaja Pasaka kuwa siku ya kubatiza iliyo bora, lakini hakukaa hapo. Kwake yeye maji huosha na kuzaa. Kwa Paulo maji ni kaburi pia. Kwa fikira zetu hapo ndipo moyo wa jambo ulipo, maana mwenye kudhani ameoshwa tu aweza kuchafuka akataka kuoshwa tena; lakini aliyezikwa hazikwi mara mbili. Mwanafunzi wa ubatizo asiyeambiwa kwamba kuna mtu wa kufa siku ile, naye ni yeye mwenyewe, atatoka majini na mganga wake na kisasi chake na wake zake wawili, vyote vimelowa tu.

Mtu alipobatizwa Carthage siku zile hakuwa na haja ya kukumbushwa habari za mauti. Mwaka 203, katika mji uo huo, waliuawa Perpetua na Felicitas na wenzao. Na Perpetua, mwanamke kijana mwenye mtoto wa kunyonya, alibatizwa akiwa amekwisha kukamatwa. Ndiyo maana Tertullian afundisha ubatizo wa pili, ulio wa damu, unaosimama mahali pa maji kama mtu hakuyapata. Na katika mlango wa 17 asema kwamba kazi ya kubatiza ni ya askofu, kisha makasisi na mashemasi kwa idhini yake. Lakini shida ikiwa kubwa, Mkristo yeyote mwanamume aweza, na akiacha atakuwa na hatia ya kupotea kwa mtu. Twakumbuka Uganda. Usiku ule wa Mei 1886, mfalme Mwanga alipokwisha kukasirika, Charles Lwanga, asiyekuwa kasisi, aliwabatiza Kizito na wenzake huko Munyonyo. Na tarehe 3 Juni wakachomwa moto Namugongo. Lwanga mwenyewe alikuwa amebatizwa Novemba 1885, hata mwaka haujatimia.

Lakini katika mlango huo huo Tertullian awafungia wanawake kabisa, kwa ukali upitao kiasi. Twaelewa kwamba alikuwa amekasirishwa na mwanamke mmoja. Hata hivyo, mtoto azaliwapo usiku naye akaribia kufa, aliye karibu naye ni mkunga. Je, mkunga akae akitazama? Makanisa mengi baadaye yalifungua mlango huo, nayo yalifanya vema.

Sasa tumefika mlango wa 18, uliomtia Tertullian katika mabishano mpaka leo. Hapa ashauri ubatizo ucheleweshwe, hasa kwa watoto wachanga. Waje, asema, watakapokuwa wamekua na kujifunza. Mtu asiyepewa hata mali ya dunia kuitunza, kwa nini apewe ya mbinguni? Tena wadhamini huingia hatarini, maana waweza kufa kabla ya kutimiza ahadi zao, au mtoto aweza kugeuka mwovu. Hata vijana wasiooa na wajane angewangojesha. Akumbuka kwamba Filipo alimbatiza upesi Mkushi yule njiani kwenda Gaza, lakini ajibu kwamba Filipo alitumwa na Roho.

Ndugu zetu wasiobatiza watoto hulipenda neno hili, na ni haki yao kulitumia. Laonyesha pia kwamba desturi ya kubatiza watoto ilikuwako tayari, maana mtu hakatazi lisilofanywa. Lakini sababu ya Tertullian si yao. Yeye hakusema ubatizo wa mtoto si ubatizo. Aliogopa uzito wake. Aliona kwamba mwenye kubatizwa mapema ana miaka mingi ya kuanguka. Na hofu hiyo, ikishikwa peke yake, haina mwisho. Mfalme Konstantino alibatizwa karibu na kufa, mwaka 337. Augustine, Mwafrika mwenzake Tertullian, alipokuwa mtoto aliugua akaomba ubatizo. Akapona, nao ukaahirishwa, asije akauchafua kwa dhambi za ujana. Alibatizwa Milan mwaka 387 akiwa mtu wa miaka 32, na katika kitabu cha maungamo yake alaumu sana desturi ile ya kumwachia kijana atende apendavyo kwa kuwa hajabatizwa bado. Hatusemi Tertullian ndiye aliyewafundisha watu hao wote, bali hofu ni ile ile. Wazee wetu wasemao watabatizwa watakapokuwa taabani kitandani wanafuata njia hiyo hiyo, wasijue ni nani aliyewatangulia.

Jibu lilitoka Carthage kwenyewe. Yapata mwaka 253 askofu mmoja, jina lake Fidus, aliuliza kama mtoto angojewe mpaka siku ya nane. Cyprian, askofu wa Carthage, pamoja na maaskofu 66 waliokutana, alijibu kwamba hata siku nane ni nyingi, kwa kuwa neema ya Mungu haipimwi kwa umri. Na Cyprian huyo, kama asimuliavyo Jerome, alikuwa akisoma vitabu vya Tertullian kila siku, akimwita mwalimu. Alimheshimu mwalimu wake, wala hakumfuata alipokosea.

Hata hivyo neno la wadhamini lakaa, na Cyprian hakuliondoa. Tazameni namna tunavyowachagua. Huchaguliwa mwenye duka, au karani, au shemeji anayeweza kununua shuka. Naye husimama mbele ya kanisa akaahidi kumkataa Shetani kwa ajili ya mtoto, na baada ya miaka mitatu hajui mtoto yule yuko kijiji gani. Tertullian aliona hatari hii akataka kuwaponya wadhamini kwa kumwacha mtoto angoje. Dawa hiyo si ya ugonjwa huo. Kikongwe asiye na senti, ambaye atamfundisha mtoto Sala ya Bwana akichambua mchicha, ni mdhamini kuliko karani. Wazazi na waweke jambo hili akilini kabla ya kwenda kumwandikisha mtoto, na walimu wawe na ujasiri wa kuuliza.

Mlango wa mwisho wafundisha maandalio: sala, kufunga, kukesha, na kuungama dhambi. Hapo ukali wa Tertullian wote wapoa, na neno lake la mwisho kwa wale watakaobatizwa ni kuwaomba kwamba, watakapomwomba Mungu kwa mara ya kwanza pamoja na ndugu zao, wamkumbuke naye Tertullian mwenye dhambi. Baadaye, yapata mwaka 207, aliambatana na wafuasi wa Montanus, akazidi kuwa mkali. Lakini kitabu hiki alikitunga kabla ya hayo.

Ajuaye Kiingereza aweza kukipata katika tafsiri ya Ernest Evans, iliyopigwa chapa London mwaka 1964, Kilatini upande mmoja. Mwalimu wa wanafunzi wa ubatizo angefanya vema kuwasomea mlango wa pili na wa nne kama vilivyo, kuwasimulia ule wa 20, na ule wa 18 asiusome bila kuweka karibu yake barua ya Cyprian kwa Fidus.