Chachu ya Kuazima

Mpika pombe ya mtama huazima pipa, kuni, hata mtama wenyewe. Chachu hapendi kuiazima. Hiyo huishi kwake, katika mashapo ya pombe iliyopita, ndani ya chungu kisichosuguliwa sana.

Jirani yangu mmoja hapa Mwanhuzi, wilayani Meatu, alikwenda msibani, akakaa huko majuma matatu. Nyuma yake mgeni mwenye nia njema akaviosha vyungu vyote kwa sabuni, akavianika juani. Mimi ningekimbilia dukani kununua hamira ya maandazi. Yeye aliketi kwanza, akawaza.

Hamira ya dukani si adui. Ni spishi ileile, Saccharomyces cerevisiae, inayochachusha bia za Kiingereza ziitwazo ale. Lakini imechaguliwa kwa kuumua unga upesi. Ukiitia kwenye pombe hupanda kwa fujo, huacha harufu ya mkate, tena huchelewa kutulia chini. Na joto la Meatu huizidishia kiherehere: chachu nyingi za ale hupenda nyuzi 18 hadi 22 za Selsiasi, nasi mchana tunazipita hizo bila kupiga hodi.

Angeweza kurudi kwenye kimea. Ganda la mtama uliooteshwa hubeba chachu yake ya asili. Konzi moja ikitiwa katika uji uliokwisha kupoa, kazi huanza. (Ukiitia uji ukiwa bado unatokota, umeiua.) Ila kimea huja na vijidudu vya ukali pia, na hujui nani atatangulia.

Wakikuyu wamelimaliza tatizo hili kwa namna ninayoihusudu. Chachu ya muratina, pombe yao ya jadi, huitunza ndani ya tunda la mvungunya. Likishatumika hukaushwa, likawekwa hadi zamu nyingine. Emil Christian Hansen alipokuza chachu safi kutoka seli moja, mwaka 1883, alikuwa na maabara ya Carlsberg nyuma yake. Hawa walikuwa na tunda.

Jirani yangu alichagua mashapo ya mtu. Palikuwa na mpika wanzuki karibu zaidi, akampita. “Ya kwake imelelewa kwa asali,” aliniambia, “mtama itauonea kinyaa.” Akaenda kwa bibi mmoja apikaye mtama kama yeye, akarudi na kibuyu. Hakukimimina chunguni. Alitia kidogo kwenye kikombe cha uji vuguvugu, akafunika, na jioni akaweka sikio. Povu lilikuwa jembamba, linanong’ona. Akanusa, akasubiri hadi asubuhi, akanusa tena. Hapo ndipo alipowasha moto wa kupikia.

Pombe ya kwanza ilikuwa na ukali usio wake. Ya pili ilipungua. Ya tatu wazee waliinywa wasiulize kitu, na katika kazi ile sijui cheti kikubwa kuliko hicho.

Nawe chachu yako ikipotea, tafuta kwanza jirani apikaye nafaka kama yako. Uwahi tu, kabla hajaosha chungu.