Fundi Asiyekimbilia Spana

Heshima ya fundi wa magari hupimwa siku injini yenye nguvu inapoanza kumisi ghafla. Breki iliyokwisha inapiga kelele, oili inayovuja inaacha doa chini. Lakini kumisi ni habari ya kitu ambacho hakikutokea: cheche haikuruka, au imeruka lakini petroli haikufika, au vyote vipo ila silinda ikashindwa kubana hewa na petroli. Fundi anatafuta kisichokuwepo. Kwa kazi hiyo nawavulia kofia mafundi wa mkoa wa Lualaba huko Kongo, na nawasifu hasa kwa kitu kimoja: wanajua kuuzuia mkono usishike spana mapema.

Lubudi, mkoani humo, ni mji wa saruji na reli, na mgeni hategemei kukuta hapo Subaru Impreza iliyoongezewa nguvu. Ila pesa ya shaba na kobalti ya Kolwezi na Fungurume imewafikia vijana, na magari ya Kijapani yaliyotumika hupanda kutoka bandari ya Dar es Salaam, yakapita Tunduma na Zambia hadi Kasumbalesa. Sifa ya Impreza ilishatangulia: mwaka 1997 Colin McRae alishinda nayo Safari Rally kule Kenya. Kijana akilipata gari la namna hiyo, hupandisha msukumo wa turbo, huweka nozeli kubwa, hupanua ekzosi, kisha huandikisha upya programu ya kompyuta ya injini. Anasahau kwamba Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 15. Ili kutoa msukumo uleule, turbo inalazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na kila udhaifu uliojificha unafichuka.

Hebu tuhesabu. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda huwasha moto mara 50 kwa sekunde. Silinda nne zinafanya milipuko 200. Katikati ya hiyo, milipuko michache inakosekana, dereva anahisi gari linasitasita kwenye mlima, basi. Hana la zaidi la kueleza.

Ndipo fundi mzuri anapouliza, boneti bado imefungwa: "Yaya, ilianza namna gani?" Swali hili ni nusu ya kazi. Ringi za pistoni huisha polepole, mwenye gari akizoea moshi mwezi baada ya mwezi. Kinachokuja ghafla kina asili nyingine: koili iliyokufa, plagi iliyopasuka kauri yake, mpira wa hewa uliochomoka kwenye bomba la turbo, petroli yenye maji iliyonunuliwa kwa chupa kwa Kadhafi, yaani muuza petroli wa kando ya barabara. Na kwa gari lililobadilishwa lipo swali la pili, ambalo wenye magari hawalipendi: mara ya mwisho nani aligusa nini?

Kisha anataka kujua inamisi wakati gani. Ikiwa injini inatulia vizuri gari likiwa limesimama, lakini inakatakata turbo inapojaza, macho yanaelekea kwenye cheche. Hewa na petroli vikisongamana ndani ya silinda, cheche hupata taabu kuruka. Nafasi ya milimita 1.1 kwenye ncha ya plagi, iliyotosha kabla ya kuongeza msukumo, sasa ni pana mno. Mafundi huibana hadi karibu 0.7. Mara nyingine dawa yote ni hiyo, na ni ya bure.

Mashine ya kusomea hitilafu ikichomekwa, inaweza kuandika P0303: silinda ya tatu. Namba hiyo inataja nyumba yenye msiba, haisemi amekufa nani. Fundi asiye na subira anaagiza koili mpya Lubumbashi. Mwenye subira anahamisha koili ya tatu kwenda ya kwanza, anawasha, anasoma tena. Ikitoka P0301, kosa limehama pamoja na koili na ushahidi umekamilika. Ikibaki P0303, koili haina hatia. Anahamisha plagi, halafu nozeli. Bado? Anasukuma hewa ya kompresa ndani ya silinda, valvu zikiwa zimefunga, na anasikiliza inapotorokea. Kwenye ekzosi, ni valvu ya kutolea moshi. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Mapovu kwenye rejeta, ni gasketi ya kichwa. Hapa gari linaeleza lenyewe, na mtu ananyamaza.

Koili yenyewe inastahili neno. Inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha kupita 20,000 kwa nyaya za shaba zilizoviringishwa, nyingine nyembamba sana, maelfu ya mizunguko. Shaba huondoka Kolwezi kwa malori, ikiwa vibamba vizito. Fundi wa hapa anapoibaini koili iliyokatika ndani, anahukumu madini ambayo mkoa wake mzima unaishi kwayo.

Siwasifu wanaobadilisha vifaa sita mfululizo hadi gari linyamaze. Gari limepona, hakuna aliyejifunza, na mwenye mali amelipa mara sita. Vilevile simtetei dereva anayesema atafika nalo Kolwezi hivyohivyo. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda, kisha inaenda kuwakia kwenye katalisti na kuiyeyusha. Na kama silinda inamisi kwa kupungukiwa na petroli huku turbo ikisukuma, pistoni inaweza kutoboka kabla ya kilima kinachofuata. Fundi akisema "zima kwanza," zima.

Na akikurudishia gari akiwa amebadilisha plagi moja tu, usimlipe bei ya plagi. Mlipe na zile saa alizotumia kuhakikisha kwamba nyingine tatu hazina kosa.