Gonga Kabla Hujanunua: Kuisoma Sakafu ya Gari Kuukuu

Anayejua magari makuukuu haanzi na boneti. Hufungua mlango wa dereva, akaweka zulia kando, akakunja kidole na kugonga sakafu kama anayebisha hodi kwa jirani. Bati zima hujibu kwa sauti kali yenye mwangwi. Bati lililoliwa na kutu hujibu "pu", kama papai lililopitiliza kuiva. Lakini usikimbilie kuhukumu, kwa sababu viwandani walibandika vipande vya lami juu ya sakafu ili kupunguza kelele, na hapo hata bati zima hutoa sauti butu. Basi ingiza ukucha pembeni mwa kipande cha lami. Kikishika, heri. Kikiinuka na chini yake kuna ungaunga wa kahawia, umeshapata habari yako.

Mimi nimejifunzia haya kwenye Peugeot 504 hapa Mombasa. Gari hilo lilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, likashinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na hadi leo kuna wazee wasiotaka kusikia gari jingine likisifiwa. Sifa hizo ni za injini na springi. Kutu haina habari nazo. Na 504 haina chasisi ya peke yake kama Land Rover za zamani: sakafu, vizingiti vya milango na paa ndiyo mifupa yenyewe. Viti vimefungwa kwenye sakafu hiyo. Kwa hiyo tundu chini ya zulia si suala la vumbi kuingia tu.

Pa kuangalia ni pachache. Pale anapoweka kisigino dereva. Pale sakafu inapokutana na kizingiti cha mlango. Chini ya kiti cha nyuma. Na pa kuwekea jeki. Chukua bisibisi butu, mwombe mwenye gari ruhusa, kisha ubonyeze. Bati zima halibonyei. Halafu ingia uvunguni, gari likiwa juu ya stendi wala si jeki tupu. Ukikuta lami nyeusi inayong'aa chini ya gari la miaka 40, shuku. Ni udi uliofukizwa kufunika harufu ya samaki aliyevunda. Funga sumaku kwenye kitambaa uipitishe taratibu: itakaponyamaza, hapo umefikia puti, si chuma.

Kuna jambo la pembeni ambalo wanunuzi wengi huchanganya. Gari lililotumika Japani kaskazini, kule barabara zinakomwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, mara nyingi huoza kuanzia chini. Magari yetu ya pwani huoza sana kuanzia ndani, chini ya zulia, kwa sababu maji yaliingia na hayakupata pa kutokea. Kwa hiyo uvungu msafi haukutoshi. Inua zulia.

Sasa kazi ya fundi. Wa kwanza niliyempa 504 yangu alinirudishia siku ile ile. "Mzee, liko kama jipya," akasema, na kweli chini palimeremeta. Masika yalipopita, soksi yangu ikalowa nikiwa njiani. Tukabandua lami, tukakuta kipande cha bati la kuezekea nyumba, limepigwa ribiti juu ya kutu ile ile na kuzungushiwa puti. Bati la kuezekea la kawaida halifiki nusu milimita. Sakafu ya gari ni karibu milimita 1. Tena limepakwa zinki, na zinki ikichomelewa hutoa moshi mweupe unaomletea fundi homa. Ukiona kiraka chenye mawimbi ya paa, shukuru umeambiwa ukweli mapema.

Fundi wa pili alinichosha kwa maswali kabla ya kushika kifaa. Aling'oa viti na zulia, akatoa waya za betri, akauliza bomba la petroli linapita wapi. Kisha akachora kwa chaki, na mstari wake haukufuata ukingo wa tundu: ulipita mbali nao, hadi kwenye chuma kilichong'aa alipokipiga msasa. Hicho ndicho kipimo cha kwanza cha fundi. Mwoga wa kukata hukuachia kutu ndani ya kiungo. Pembe alizikata za mviringo, akatengeneza kigezo kwa katoni ya boksi, akakata bati la unene ule ule, na akaligongea migongo kama ya sakafu ya kiwandani, maana kiraka bapa hupiga ngoma gari likikimbia. Akakiunganisha ukingo kwa ukingo. Alichomelea nukta hapa, nukta upande wa pili, akingoja hadi kiganja kivumilie joto kabla ya kuendelea. Anayebururisha moto mstari mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho hukupa sakafu iliyojikunja kama kaukau. Nilipochungulia chini nikaona mshono umetokeza upande wa pili wote. Mshono usiotokeza umeshika ngozi tu.

Kutu nyepesi, ile isiyobanduka magamba, haihitaji kukatwa. Brashi ya waya, msasa, kisha dawa yenye asidi ya fosforasi hadi pageuke peusi. Dawa hiyo haifanyi kitu juu ya magamba, hata wakikuuzia kwa lita. Halafu praima ya zinki, gundi ya kuziba maungio, rangi, na lami mwisho kabisa. Ndani ya vizingiti vya milango ipulizwe nta, na vile vitundu vya kutolea maji visizibwe. Oili chafu wanayopaka watu uvunguni inachelewesha kutu, sikatai, lakini inalainisha raba na kukusanya mchanga, na ikidondoka inaharibu udongo. Siipaki.

Yote hayo ni bure kama maji bado yanaingia. Kagua mpira wa kioo cha mbele, majani yaliyoziba chini ya waipa, na bomba la kiyoyozi, ambalo likiziba hulimwagia zulia upande wa abiria. Zulia likilowa litoe nje, usilifunike kwa mati ya mpira. Na ukivuka Likoni, ukakanyaga maji ya chumvi pale feri inapopakia, ukifika nyumbani mwagia uvungu maji baridi ya bomba.

Ukimpa fundi sakafu, patana naye tangu mwanzo kwamba lami haipakwi mpaka ulale chini na tochi uone mshono kwa macho yako. Akikupigia simu kwamba ameshapaka ili kukuokolea muda, salio lako liache mfukoni mpaka aibandue.