Sura ya Tisa ya Speke na Wahima wa Karagwe

Katika masomo ya kulinganisha mbari na makabila yafundishwayo vyuo vikuu, kitabu cha John Hanning Speke juu ya safari ya kutafuta chanzo cha Nile, kilichopigwa chapa mwaka 1863, hutajwa sana na husomwa kidogo. Sura yake ya tisa, ihusuyo hao aliowaita Wahuma, yastahili kusomwa neno kwa neno, na sarufi ya Kinyambo ikiwa karibu.

Speke alifika kwa Mukama Rumanika, Bweranyange, mwezi wa Novemba 1861, akaondoka Januari 1862. Alipowaona watawala wenye ng'ombe wengi, na wakulima chini yao, aliamua kwamba watawala hao ni wageni waliotoka Uhabeshi. Akamweleza Rumanika mwenyewe nasaba hiyo. Jambo hili wasomaji hulipita upesi: mwenye kusimulia asili ya ukoo alikuwa mgeni, na mwenye ukoo ndiye aliyesikiliza.

Ushahidi wa lugha haukumfaa, kwani Wahima walisema lugha ile ile ya Wairu. Jibu la Speke ni kwamba waliisahau lugha yao ya zamani. Hoja ya namna hii haishindiki: lugha ngeni ikionekana ni ushahidi, isipoonekana ni ushahidi vilevile. Kinyambo chasema omuhima na abahima, omwiru na abairu, sawasawa na omuntu na abantu. Ni kweli kwamba sarufi haithibitishi damu. Lakini basi haithibitishi Uhabeshi pia. Zaidi ya hayo, koo nyingi za nchi za Maziwa Makuu zina Wahima na Wairu pamoja, wenye mwiko mmoja, na jambo hilo sura ya tisa haina mahali pa kuliweka.

C. G. Seligman aliirudia dhana ya Wahamu mwaka 1930. Joseph Greenberg aliiondoa katika uainishaji wa lugha mwaka 1963, na Edith Sanders akaandika historia yake mwaka 1969. Wanazuoni wakadhani imekwisha. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Rwanda, Léon Mugesera aliuambia mkutano wa hadhara kwamba Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake katika Kagera, na mwaka 1994 maiti zilipita mpakani mwa Karagwe zikielekea ziwani.