Sam Ntiro na Somo la Kuchora

Wako wazazi wadhanio ya kwamba somo la kuchora ni la kupumzisha watoto baada ya hesabu. Tusiwalaumu, maana sisi walimu mara nyingi twalifundisha vivyo hivyo. Mwalimu huchora chungu ubaoni, watoto arobaini wakakiiga, na saa ikiisha pana vyungu arobaini vilivyo ndugu moja. Naye aliyekipinda chake kidogo hukosolewa. Mtoto huyo amejifunza utii, nao ni mwema, lakini kuchora hakujifunza. Basi yafaa tutazame habari za mtu mmoja wa nchi hii aliyeingia darasa la picha akiwa kijana akatoka humo akiwa fundi, tupime alipewa nini mle, na alikosa nini.

Mtu huyo ni Sam Joseph Ntiro, mwenyeji wa Machame chini ya Kilimanjaro, aliyezaliwa mwaka 1923. Alisoma Makerere, nchi ya Uganda, tangu mwaka 1944 hata 1947. Mwalimu wake wa picha alikuwa Bibi Margaret Trowell, Mwingereza, mke wa daktari. Bibi huyu alianza kufundisha mwaka 1937 barazani pa nyumba yake, kwa wanafunzi wachache tu. Kufika mwaka 1939 kazi zao zilikuwa zimeonyeshwa London, na baadaye darasa lile la barazani likawa idara ya chuo.

Kufundisha kwake kulikuwa hivi. Hakutundika picha ukutani ili iigwe. Aliwasimulia wanafunzi jambo, pengine habari ya Biblia, pengine shughuli ya kijijini, nao wakasikiliza mpaka kila mmoja aone picha yake mwenyewe moyoni; ndipo washike brashi. Njia hiyo aliipata Uingereza kwa mwalimu wake, Marion Richardson. Walakini kwetu si ngeni. Mtoto aliyesikia hadithi za bibi yake penye moto ameizoea kabla hajajua kusoma: zimwi hakuonyeshwa na mtu, na hata hivyo ajua lina meno mangapi.

Tena Bibi Trowell aliogopa kuwaonyesha wanafunzi picha za Ulaya mapema, wasije wakawa waigaji. Hapo ndipo wengi walipomlaumu. Walisema ya kwamba kumficha mwanafunzi mambo yaliyoko duniani ni kumfungia zizini, hata kama zizi lenyewe ni zuri. Alipostaafu mwaka 1958, aliyekuja kukiongoza chuo, Bwana Cecil Todd, aligeuza mambo, akafundisha habari za picha za Ulaya na elimu ya rangi. Mashtaka hayo si madogo, nami sitaki kuyapita haraka, kwani yatuhusu sote tushikao chaki. Lakini kazi za Ntiro na zije zishuhudie.

Picha za Ntiro huzitambua kwa mbali. Vilima vya mviringo, migomba, njia nyembamba, na watu wadogo wengi wakifanya kazi pamoja. Rangi ni safi, vivuli vizito hamna. Wala hamna mtu mmoja aliyefanywa mkubwa mbele ya wenzake. Ukizitazama waona kijiji kama akionavyo mtu aliye mbali na kwao, akikikumbuka chote mara moja.

Mwaka 1952 alikwenda London, Chuo cha Slade, akakaa huko hata mwaka 1955. Chuo kile kilisifiwa tangu zamani kwa kuchora mwili wa mtu aliye mbele ya macho, kwa kipimo, mfupa kwa mfupa. Hii haikuwa baraza ya Bibi Trowell! Basi mtu angetazamia Ntiro arudi na mkono mwingine. Mwaka 1956 alichora picha ya wanaume wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi wakati wa usiku. (Msomaji asikwazike na pombe, kwa desturi ya Wachaga mbege ni neno la ukoo kwa ukoo, na picha haihubiri ulevi.) Mambo ni ya nyumbani tena, na mkono ni ule ule. Na picha hiyo ndiyo iliyoingizwa mwaka 1960 katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa, New York.

Mtu aweza kusema: miaka mitatu ya London, na hakuna alichojifunza? Mimi nasema alijifunza jambo moja kubwa, nalo ni kuchagua. Kijana asiyejua njia nyingine hachagui, huenda tu njia iliyopo. Lakini mtu aliyeketi Slade, akaona wachorao kwa kipimo, kisha akarudi kwenye vilima vyake vya mviringo, huyo amechagua. Ndiyo sababu nasema mashtaka juu ya Bibi Trowell yana ukweli nusu. Zizi lilikuwapo, lakini lango lilifunguliwa, na aliyetoka alijua njia ya kurudi kwake.

Nusu ya pili yaniuma zaidi. Watu wa Ntiro hawana nyuso. Hulima, huchukua mizigo, hutembea pamoja, wala hujui nani ana huzuni, nani amegombana na nduguye, nani ana deni. Na Kilimanjaro ya siku zile haikuwa bustani ya amani tu. Palikuwa na kodi, na ardhi haba, na bei ya kahawa iliyopanda na kushuka. Nadhani kasoro hii yatoka katika njia yenyewe ya kufumba macho. Kumbukumbu hushika desturi, yaani yale yafanywayo na wote kila mwaka. Uso wa jirani yako asubuhi ya leo haushiki, mpaka uutazame. Ntiro alipewa kukumbuka kwa wingi, na kutazama kwa uchache.

Wala tusidhani kila mwanafunzi wa darasa lile alitoka hivyo. Gregory Maloba wa Kenya, aliyefundishwa na bibi yule yule, alikuwa mchonga sanamu, naye ndiye aliyefanya nguzo ya uhuru ya Kampala mwaka 1962: mtu aliyefungwa vitambaa mwilini, akimwinua mtoto juu. Naye Elimo Njau wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932, alipaka kuta za kanisa la Murang'a picha za maisha ya Bwana Yesu katika nchi ya Wakikuyu, ukumbusho wa Wakristo waliouawa siku za Mau Mau. Humo maumivu yamo waziwazi. Vyungu vya darasa hilo havikuwa ndugu moja.

Hapa Bagara hatuna haja ya kutafuta mbali. Wazee wa zamani sana walichora watu na wanyama kwa udongo mwekundu juu ya miamba ya Kolo, njia ya Kondoa, wala hakuna aliyewaletea kitabu cha kuiga. Mtoto wetu ana ziwa lenye viboko, ana mlima Kwaraa, ana shamba la mbaazi na mama wa Kibarabaigi katika sketi ya ngozi yenye shanga. Mwalimu na amsimulie kwanza, afumbe macho, achore. Kisha, karatasi ikikauka, amtoe nje mpaka penye kivuli cha mti, amketishe mbele ya mzee mmoja aliyekubali kutulia nusu saa, amwambie achore uso ule tu, na mikunjo yake yote, na jicho lililo dogo kuliko jingine.