Muuguzi wa Lokamu na Namna ya Kumtambua Aliye Bora

Katika upande huu wetu wa kusini ya Mombasa, tangu Likoni hata Lunga Lunga mpakani, iko misimu ambayo hospitali iliyolala jana ina wauguzi wa kutosha huamka leo imepungukiwa. Desemba huingia na wageni wa ng'ambo na wa bara wakaijaza Diani, na ajali za bodaboda zikavijaza vyumba vya dharura. Masika yakiisha kunyesha, mnamo Juni na Julai, malaria huwalaza watoto wawili wawili katika kitanda kimoja. Muuguzi mmoja huenda likizo yake ya uzazi ya miezi mitatu, ambayo ni haki yake kwa sheria, na mwingine huaga moja kwa moja akaelekea Ghuba, au Uingereza, ambayo kwa mapatano ya Julai 2021 na serikali yetu ilifungua mlango rasmi wa kuwapokea wauguzi wa Kenya. Hapo ndipo mkuu wa wauguzi anapoinua simu kumtafuta mtu wa lokamu, yaani muuguzi wa kushika zamu kwa muda.

Huko Marekani muuguzi wa kusafiri ana mkataba ambao kwa desturi ni wa wiki 13, naye huhama mji kwa mji kupitia kwa wakala wake. Kwetu lokamu huenda ikawa ya usiku mmoja, huenda ikawa ya mwezi, na aghalabu anayeitwa ni kijana aliyehitimu chuo cha tiba cha KMTC, Msambweni, ambaye ajira ya kaunti haijamfikia, au ni mzoefu wa hospitali kubwa ya Mombasa anayeuza siku zake za mapumziko akavuka feri jioni na kurudi asubuhi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hupewa jembe saa ya kwanza, na shamba analolimishwa ni mwili wa mwanadamu. Miaka mingi nimekuwa mwenye dhima ya kuwachagua watu hawa, na itikadi yangu ni kwamba thamani ya muuguzi wa lokamu hujulikana kwa namna anavyouliza akiingia katika nyumba isiyo yake, na kwa namna anavyoikabidhi akitoka.

Karatasi zitazamwe kwanza, na zisichukue muda mrefu. Namba ya usajili na leseni ya Baraza la Wauguzi la Kenya sharti zithibitishwe katika orodha ya Baraza lenyewe, maana picha ya leseni iliyotumwa kwa simu si leseni, na leseni iliyokwisha muda haimlindi mgonjwa wala mwajiri. Barua za sifa mimi husoma kwa uvivu. Hupendelea kumpigia simu muuguzi aliyewahi kukesha zamu moja na mwombaji, nikamwuliza swali moja tu: ukiwa na mzazi wako wadini, ungelala usingizi ikiwa mtu huyu ndiye wa zamu? Kimya kinachofuata swali hilo kabla ya jibu kimenifundisha mengi kuliko barua zote.

Lakini liko jambo moja la karatasi ambalo halifai kupitwa upesi, nalo ni kujua mtu alifanya kazi gani katika mwaka wake wa mwisho. Mwaka 2017, wauguzi wa serikali walipogoma kuanzia Juni 5 hata mwanzo wa Novemba, hospitali za binafsi zilifurika mpaka verandani, nasi tukaajiri kwa pupa. Usiku mmoja nilimweka leba, peke yake, muuguzi mwenye leseni safi na adabu njema ambaye kwa miaka minne hakuwa amezalisha, kwani kazi yake yote ilikuwa wadi ya wanaume. Mama alijifungua salama, kisha akaanza kuvuja damu, na mgeni wangu hakujua oksitosini, dawa ya kuzuia damu hiyo, iko friji ipi. Daktari aliwahi, mama akapona. Walakini kosa lile lilikuwa langu na sijalisahau. Tangu siku hiyo simwulizi mtu amesomea nini mpaka nimemwuliza mara ya mwisho alipokea mtoto lini, alitundika damu lini, alimhudumia mtoto mwenye degedege lini, na akinijibu kwa kutaja mwezi na mahali, namwamini. Akinijibu kwamba hayo yote alifundishwa chuoni, namweka pamoja na mwenyeji.

Sasa nije kwenye saa ya kwanza, ambayo kwangu ndiyo mtihani wenyewe. Namkumbuka binti mmoja kutoka upande wa Meru, aliyefika saa kumi na moja u nusu jioni kwa zamu ya saa kumi na mbili u nusu, kwa kuwa alikwisha kusikia habari za foleni ya feri ya Likoni akaondoka mapema. Hakuketi. Alimwamkia muuguzi wa mchana, na kabla hajaelezwa habari za wagonjwa akaomba aonyeshwe mtungi wa oksijeni na kifungulio chake, sanduku la dharura, na mfuko wa kumpulizia hewa mtoto mchanga. Mfuko ule aliushika, akaukandamiza uso wa barakoa yake juu ya kiganja cha mkono wake wa kushoto, akaubana kwa wa kulia, akasikiliza kama hewa inavuja. Ilikuwa inavuja. Barakoa ile ilikuwa imepasuka ukingoni, na sisi wenyeji tuliokuwa tukiipangusa vumbi kila asubuhi hatukuwa na habari. Kisha akafungua friji, akasoma kipimajoto, kwa maana oksitosini hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na sehemu hizi za Ukunda umeme hukatika. Yote hayo yalichukua dakika kumi na tano, na kabla hazijaisha nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba huyu nitamwita tena.

Kinyume cha huyo simwogopi asiyejua, namwogopa anayejua kila kitu. Ukimwonyesha kabati akasema najua, ukimwonyesha daftari akasema ni kama la kwetu, ukimweleza kwamba daktari wa usiku hulala kwake na si hospitalini akaitikia bila kuuliza namba yake ya simu, basi mtu huyo, hata akiwa na shahada, saa tisa za usiku atakuwa anapekua makabati na mgonjwa anahema.

Baada ya saa ya kwanza, tazama maandishi yake. Ziko karatasi ambamo wagonjwa kumi wote wanapumua mara 20 kwa dakika, na shinikizo la damu la wote ni 120 kwa 80, kama kwamba Mungu amewaumba kwa kalibu moja. Mwenye karatasi hiyo hakuhesabu pumzi ya mtu yeyote. Kuhesabu pumzi ni kazi ya subira. Nilimwona yule binti wa Meru usiku huohuo akimhudumia mtoto wa miezi minane mwenye kikohozi: alimwacha kwanza anyonye hata kilio kikaisha, akapandisha fulana yake taratibu, akaishika saa yake ya mkononi karibu na kifua cha mtoto, akahesabu dakika nzima bila kusema neno, midomo yake ikichezacheza kwa hesabu. Akaandika 54. Kwa mtoto wa kikohozi mwenye umri wa miezi miwili hadi mwaka, pumzi 50 kwa dakika na kuendelea ni dalili ya nimonia, na mtu anayehesabu robo dakika kisha akazidisha kwa nne angeweza kuandika 48 na mtoto yule akarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi.

Katika leba mizani ni ileile. Patogramu ya kweli, yaani chati ya mwendo wa uchungu, hujazwa kadiri usiku unavyokwenda, mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa, njia ya uzazi kila saa nne, nayo huonekana ina uhai: wino umebadilika mahali, nukta moja imekatwa ikaandikwa upya, saa fulani mstari umekwenda pembeni kwa sababu mwandishi aliitwa upesi. Patogramu iliyonyooka kama rula, kwa kalamu moja na mkono mmoja usiotetemeka, aghalabu imejazwa alfajiri baada ya mtoto kuzaliwa.

Fauka ya hayo, kazi hii hapa kwetu Kwale ina elimu yake ambayo haimo katika mtaala. Wengi wanaokuja kwetu kutoka bara wanasema Kiswahili vizuri, ilhali maradhi yetu yana majina yao. Bibi wa Kidigo akileta mjukuu akasema ana nyuni, hajasema habari za ndege. Amesema mtoto ametetemeka akapinda macho, na sharti apimwe malaria na sukari mara moja. Mama akimfunika mtoto wake gubigubi kwa leso asitake afunuliwe mbele ya watu, yamkini anaogopa neno chirwa, kwa kuwa kwa wenyeji udhaifu wa mtoto aliyekosa lishe umehusishwa tangu zamani na uzinifu wa wazazi, na mama yule anachukua njaa ya mtoto na aibu ya nyumba kwa pamoja. Muuguzi anayeropoka kwa sauti mlangoni, "Huyu mtoto hajala!", amempoteza mama, hatarudi kliniki. Aliye bora humwambia, "Mama, twende tukampime uzito huku pembeni," akaufunga mlango. Sitarajii mgeni ayajue haya akishuka tu kwenye matatu. Natarajia akikutana na neno asilolijua amwulize mfagiaji, au mpishi, au mama wa kitanda cha pili, pasipo kuona haya, na kesho yake alitumie.

Kadhalika Ramadhani. Mgonjwa wa sukari aliyefunga hatakwambia amefunga usipomwuliza, na sindano ya insulini ya asubuhi aliyozoea huweza kumwangusha kabla ya adhuhuri. Na staha: kumwamkia mzee shikamoo kabla ya kumshika mkono kumtafuta mshipa, kuvuta pazia kabla ya kumfunua mwanamke, kumwuliza mwanamume wa makamo kama ataridhia kuwekwa mpira wa mkojo na muuguzi wa kike. Haya ni sehemu ya tiba, kwani mgonjwa aliyevunjiwa heshima huficha dalili.

Dawa zenye kufungiwa, kama mofini, ni mtihani wa amana. Lokamu mwema hapokei ufunguo wa kabati la dawa hizo mpaka vichupa vimehesabiwa na mtu wa pili akiwapo na wote wawili wametia sahihi, na hukataa hivyo hata akiharakishwa na mkubwa wake. Kukataa kwake nimekuhesabu daima kuwa sifa.

Walakini insafu yataka niseme na upande wa mwajiri, kwa sababu nimeona hospitali zikilalamika kwamba lokamu hawana moyo, na sababu ya wao kukosa moyo imeandikwa ukutani. Humpa mgeni wadi nzito kuliko zote, wenyeji wakabaki na nyepesi. Humlipa baada ya miezi miwili. Hawamwulizi kama amechanjwa homa ya ini. Na akijichoma sindano usiku hapana anayejua aende kwa nani, ilhali dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa ikianzwa upesi na haina faida saa 72 zikishapita. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imesema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo siku zisizopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi, mwenye haki zake, na kwamba mkataba wa miezi mitatu au zaidi sharti uandikwe. Wako wanaomwachisha mtu siku ya 28 na kumwita tena baada ya wiki ili kuikwepa sheria hiyo. Muuguzi aliye hodari hujua kuhesabu siku pia, na huenda kwingine. Anayebaki kwa masharti hayo ni yule asiyeitwa na mtu mwingine.

Makabidhiano ya asubuhi ndiyo ya mwisho kutazamwa, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko yote, kwa sababu mtu wa lokamu hatakuwapo mchana kujibu swali. Asiyefaa husema wagonjwa wote wako salama, akachukua mkoba wake. Yule binti wa Meru alitembea kitanda kwa kitanda na muuguzi wa mchana, akataja dawa ya saa ngapi imetolewa na ya saa ngapi haijatolewa na kwa nini, akaaga, akapanda matatu ya Likoni. Kabla ya saa tatu simu yangu ililia. Nyuma ya sauti yake nilisikia king'ora cha feri na kelele za watu.

"Matroni, nisamehe. Mtoto wa kitanda cha sita, yule wa malaria kali. Mkojo wake alfajiri ulikuwa mweusi kama kahawa. Nimeuandika kwenye chati, lakini sikuutamka kwa mdomo."

Nilimwambia ahsante, mwanangu, nikaenda kitanda cha sita. Chati ilikuwa imelaliwa na mtoto, hakuna aliyekuwa ameisoma bado. Mama yake aliinama, akatoa chini ya kitanda kikopo kilichofunikwa kwa sahani, akasema yule sista wa usiku alimwambia asikimwage mpaka mkubwa aje akitazame.